Bwana Hakai na Benchi la Kiapo

Siku ya kwanza kuonana na mtu huyu nilimkuta amelala chali kwenye nyasi za kanisani, kichwa kimezama chini ya benchi ambalo nilikuwa nimekwisha kulilipia. Miguu tu ndiyo iliyoonekana, na viatu vya mpira vilivyojaa vumbi. Nikadhani ni fundi ananiibia skrubu. Katika kazi yangu, mtu anayeingia chini ya mali yako kabla haijapanda lori mara chache huwa na nia njema.

Kazi yangu ni kununua vitu vilivyotumika na kuviuza kana kwamba vilikuwa vimepumzika tu: milango, madirisha, mabati, masinki, ngazi za chuma. Yadi yangu iko nyuma ya soko. Watu huniita Mama Milango, wengine kwa heshima, wengine kwa sababu wamewahi kubishana nami bei. Nilianza na mlango mmoja usio na kitasa, na sikurithi kitu isipokuwa mdomo.

Siku hiyo nilikuwa nimenunua mabenchi thelathini na nane ya kanisa la kilimani, kile kituo cha hija ambacho kila mtoto wa shule nchini anakijua kwa picha ya kitabuni. Padri mpya alikuwa ameletewa mabenchi mapya na wafadhili, akataka ya zamani yaondoke kabla ya Jumapili. Mtu mwenye haraka ni rafiki yangu.

Jamaa akajitoa uvunguni, akajipangusa, akanisalimu, "Tumsifu Yesu Kristu." Nikaitikia milele amina, maana jibu hilo halina gharama. Aliomba nimwache apindue kila benchi aangalie upande wa chini. Nikamwuliza anatafuta nini.

"Kitu changu, dada."

Kitu gani? Akatazama lango, akatazama mlango wa sakristia, akahamisha uzito wa mwili kutoka mguu huu hadi ule. Mbinu hiyo naijua. Mali ikishauzwa hutokea mtu wa kuililia ili bei ipande. Mabenchi yalikuwa yamekwisha kupangwa juu kwa juu, na lori lile nililikodi kwa saa. Nikamwambia chini ya mabenchi hakuna kitu ila chingamu zilizokauka, nikampungia dereva. Bwana yule akatufuata kwa miguu hadi langoni, mkono kwenye ubavu wa lori kama anayesindikiza jeneza. Lori lilipoongeza mwendo akabaki amesimama katikati ya barabara, na nilimwona kwenye kioo mpaka kona.

Wauza mishumaa wa pale langoni walimwita Bwana Hakai. Alikuwa mfagiaji wa kituo mwaka wa ishirini na tatu ule, na kabla yake alifagia mama yake, na kabla ya mama, shangazi wa mama. Alikula amesimama. Chai aliinywa akizunguka ua. Hata misa aliisikiliza akitoka mlango huu kwenda ule, huku akiokota kipande cha karatasi kisichokuwepo. Watu walidhani ni bidii, na padri alimsifu mimbarani.

Miezi minane baadaye akaingia yadini kwangu saa nne asubuhi, amevaa shati lake la Jumapili. Nilimtambua kwa miguu. Nikamsukumia kiti, akakishukuru, akakiacha. Habari yake aliieleza akitembea kati ya milango yangu iliyosimamishwa safu kwa safu, kwa hiyo niliisikia vipande vipande, sauti mara ikitoka nyuma ya mlango wa chuma, mara dirishani, nami namzungushia shingo kama anayefuata nzi.

Habari ya kituo chenyewe sote tunaijua. Zama za utawala wa kigeni, watu waliokataa kazi ya kulazimishwa walikimbizwa na askari, wakaingia kanisani, na padri wa wakati ule akashusha komeo. Walikaa humo siku kumi na moja. Saba kati yao, wake kwa waume, wengine si Wakristo hata kidogo, waliketi kwenye benchi moja wakaapa kwamba hatoki mmoja bila wote. Mwishowe serikali ikalegea, waliofungiwa wakaachiwa, na haikupita miaka miwili bendera ikabadilika. Ndiyo maana kilima kile hupandwa na watu wa aina mbili, wanaokuja kuomba na wanaokuja kupiga picha. Benchi la Kiapo limezungushiwa kamba nyekundu. Lipo hata kwenye stempu ya posta.

Ambalo vitabu havisemi ni kwamba asubuhi ile msichana wa miaka kumi na mitano aliingia kanisani kuchukua ndoo ya shangazi yake mfagiaji, komeo likashuka naye yumo. Hakuapa, wala hakuulizwa. Nafasi ilikuwa finyu, akapewa uvungu wa benchi la wale saba alale humo. Kila siku, akiwa chali, alikwaruza mstari mmoja kwa msumari upande wa chini wa ubao wa kukalia. Mistari kumi na mmoja. Msichana huyo ndiye mama mzazi wa Bwana Hakai. Kituoni humwita Bibi wa Ndani, na kati ya wote waliofungiwa humo amebaki yeye peke yake.

Nikamwuliza, basi tatizo ni nini, si benchi wamelizungushia kamba?

"Wamezungushia jingine," sauti ikasema nyuma ya mlango. "Lenyewe ulilipakia wewe kwenye lori, dada."

Nikaweka kikombe changu chini.

Kosa, alisema, lilikuwa lake. Pale kituoni wafagiaji hufagia kutoka altareni kwenda mlangoni. Ni sheria ya yule shangazi: vumbi la wageni halisukumwi kwa mwenye nyumba. Kwa hiyo mfagiaji huipa altare kisogo. Miaka kumi na minne nyuma walikuja watu wa makumbusho, na mmoja wao, kalamu sikioni, akamwuliza Benchi la Kiapo ni lipi. Yeye yuko mbioni na ufagio, hakuinua hata kichwa. Akajibu, la tatu kutoka mbele, kushoto. Kushoto kwake. Wale walikuwa wameielekea altare, kushoto kwao ni upande wa pili. Aliporudi kutoka kumwaga taka, kamba ilikuwa imefungwa na mpiga picha anakunja miguu ya kamera.

Alimkimbilia padri wa wakati huo. Padri akamjibu kwa upole kwamba benchi limekwisha kupigwa picha, na waliotia saini wamekwisha kuondoka. Shika ufagio wako, mwanangu.

Akaushika. Alijifariji kwamba benchi la kweli bado lipo ndani, mahali pake, limekosa kamba tu. Vikongwe walilikalia wakasinzia wakati wa mahubiri. Lakini tangu siku ile alianza kupita kulitazama, asubuhi, adhuhuri, jioni, na mtu anayelinda kitu ambacho hakuna anayejua kinalindwa hapati zamu ya kupokezana. Ndivyo alivyoacha kukaa. Mara moja tu alikwenda siku mbili kumwona mama yake, ambaye alipopofuka, hata kabla ya kamba, alihamia kwa binti yake wa mbali. Siku alipokuwa anarudi ndiyo siku aliyokuta lori langu.

Na sasa Jubilei ya kile kiapo ilikuwa imebakiza wiki tatu. Bibi wa Ndani amealikwa. Ataketishwa kwenye Benchi la Kiapo mbele ya mgeni rasmi, apewe kipaza sauti.

"Mama atapitisha mkono chini," alisema, na hapo ndipo aliposimama mbele yangu kwa mara ya kwanza. "Hawezi kuacha. Akikuta patupu atasema. Mama yangu hajui kunong'ona. Watamwambia amezeeka, akili imeondoka. Mimi kufukuzwa kazi si neno, dada. Ila asiitwe mwongo mle ndani."

Nilimwuliza anatoa nini. Hakuwa na kitu, na hilo nililiona tangu viatu. Lakini yeye alijua alama, mimi nilijua mabenchi yalikokwenda, na benchi la namna hiyo, nilihesabu haraka, makumbusho yangelinunua kwa bei ya milango yangu yote. Tukapatana: likipatikana ni langu kuuza, ila sharti lipitie kanisani kwanza, kabla mama yake hajaketi. Alikubali upesi mno. Mtu anayekubali upesi hunitia wasiwasi, lakini huyu hakuwa na muda wa kujidai.

Mabenchi niliyouza niliyakumbuka yote. Mali niliyouza kwa faida naweza kuisahau. Niliyouza kwa hasara naijua hadi mlango wa mnunuzi. Sita yalikuwa bado yadini, na alikuwa amekwisha kuyapindua wakati akinisimulia. Tisa yalikuwa shule ya watoto wadogo, yamekatwa miguu ili vitoto vifikie chini. Vitoto navyo, vilipomwona mzee amelala chali, vikalala vyote kando yake, na mwalimu akatutaka tuondoke. Manne yalikuwa gereji. Hapo tulisubiri mwenye gereji arudi, na kusubiri huko Bwana Hakai hakukuweza, akashika ufagio akafagia gereji yote kutoka ukuta wa nyuma hadi barabarani. Mwenyewe aliporudi aliniuliza kwa siri namlipa kiasi gani mtu huyu.

Kilabu cha pombe kilikuwa na matano, na yote yamekaliwa. Aliingia chini ya miguu ya wanywaji bila haya, mkono mmoja na tochi. Mmoja akamwambia, "Mzee, mtaka cha uvunguni sharti ainame, ila wewe umezidisha, umelala kabisa." Wakacheka. Mwingine akainua miguu yake kwa heshima kubwa na kuniambia kwamba huyo ndugu akiikuta heshima yake huko chini, aliyoidondosha mwaka juzi, amrudishie. Bwana Hakai alitoka upande wa pili ana utando wa buibui kwenye nyusi, akatikisa kichwa, akaelekea mlangoni kabla sijamaliza kuwaaga.

Siku zikaanza kunikimbia hata mimi. Nilikuwa nafungua yadi saa tano badala ya saa mbili. Nilijikuta nakula nimesimama, kijiko mkononi, naangalia barabara. Mwanangu wa kike akaniuliza, mama, una nini? Nikamwambia nyamaza ule. Ugonjwa wa mtu yule unaambukiza.

Zilibaki siku tisa tulipofika ofisi ya wakili mmoja mfupi, ghorofa ya kwanza juu ya duka la vitambaa. Alinunua kwangu benchi moja tu, la kukalia watu wanaosubiri kuapishwa hati: aliyepoteza cheti, aliyebadilisha jina, anayeapa kwamba marehemu hakuacha mke mwingine. Wanne walikuwa wamekaa. Bwana Hakai akawaomba wasimame, akalala, akaingia. Nikasubiri. Niliitazama miguu yake, maana ndiyo iliyokuwa ikinipa habari zake siku zote. Hata akiwa amelala, ilichezacheza kama ya mtoto anayeota. Ghafla ikatulia. Haikusogea tena, na mimi sikuhitaji kuuliza.

Tulishuka ngazi. Barabarani nikamwambia aende akafagie kanisa lake, aniachie siku mbili.

Kesho yake nilikwenda makumbusho. Nilimkuta afisa mwenye adabu, meza yake safi. Sikutaja kitu. Nilimwuliza tu, kama mwananchi, Benchi la Kiapo likitokea leo mikononi mwa mtu, idara ingelinunua kwa utaratibu gani? Akatabasamu. "Mama, benchi tunalo." Na likitokea jingine? "Hilo jingine litakuwa la uongo." Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anayetaja siku ya wiki.

Nikatoka nimeelewa. Mali yenye mnunuzi mmoja tu, na mnunuzi huyo ili alipe lazima kwanza akiri kwamba miaka kumi na minne alikuwa anaonyesha watu kitu kisicho chenyewe, hiyo si mali. Ni mzigo. Nilifika yadini nikakaa, nikasimama, nikayapindua yale mabenchi sita yaliyobaki, sijui nilitaka nini. Hapo ndipo nilipoona ambalo ningeliona mapema kama nisingekuwa nahesabu bei. Mabenchi yote yalikuwa kazi ya fundi mmoja kwa kipimo kimoja. Ubao wa kukalia haukupigwa misumari. Umeshikwa kwa skrubu sita kutoka chini. Ubao wa hili unaingia kwenye lile kama soli kwenye kiatu cha saizi yake.

Bwana Hakai alipokuja nikamweleza: tuhamishe ubao, si benchi. Akasema hapana, atakuwa amewadanganya mahujaji. Nikamwuliza, na hii miaka kumi na minne wamekuwa wakifanyiwa nini? Akazunguka yadi mara mbili. Mzunguko wa tatu akarudi akauliza bisibisi nitaleta mimi au alete yeye.

Kwa wakili ndipo nilipokaribia kuharibu. Nilimwendea nikamwambia nimesikia benchi lina bungua, wadudu wanatoboa ubao, nami kwa ajili ya jina langu nataka kumbadilishia ubao bure. Akaweka kalamu chini, akanitazama juu ya miwani. "Mama Milango. Tangu lini ukatoa bure?" Nikasema tangu leo. Akasema rahisi ghali, na bure ni ghali zaidi, akaondoka kwenye kiti akaenda kulitazama benchi kwa makini kuliko alivyowahi kulitazama tangu alinunue. Nyuma yangu nilimsikia Bwana Hakai anahema.

Jina nililolijenga miaka ishirini lilikuwa limenigeukia. Basi nikakunja uso. Nikamwambia haya, nimekamatwa: nataka ule mlango wake wa stoo wenye bawaba za shaba, na nilidhani nikimfanyia hisani atanipa kwa bei ya chini. Uso wake ukafunguka. Huyo ndiye Mama Milango anayemjua. Tulibishana nusu saa, na nilimwacha ashinde katika mambo mawili. Nikatoka na mlango, na ubao nikautoa kama kitu cha kutupwa, nikaweka mwingine kutoka kwa yale sita. Ubao wa mistari kumi na mmoja ulikuwa umesuguliwa na makalio ya waapaji mpaka unang'aa, na hilo lilitufaa, kwa sababu ule wa kwenye kamba nao ulikuwa uking'aa kwa kupapaswa na mikono ya mahujaji.

Jumatano ya wiki ya Jubilei nikapanda kilimani na ubao umefungwa kwenye shuka. Sijawahi kwenda hija. Watu walikuwa wakipanda ngazi zile kwa magoti, wengine wakiomba kwa sauti, mtu na jambo lake: mwana anayeumwa, kesi, mume aliyepotea. Mama mmoja aliuona mzigo wangu mrefu akanipisha, akaniambia, "Pole na msalaba wako, mama." Nikapokea pole. Langoni muuza mishumaa akanitajia bei, nikamwambia kwa bei hiyo uwe unajiwasha wenyewe, akacheka, akapunguza. Nikanunua mmoja, kwa sababu mtu mwenye mshumaa haulizwi anakwenda wapi.

Ndani Bwana Hakai alikuwa amemwaga maji na sabuni sakafu nzima na kufunga milango, kama afanyavyo kila mwaka kabla ya sikukuu kubwa. Tulikuwa na muda wa sakafu kukauka. Nje kundi la mahujaji lilikuwa limefika mapema, wanaimba wakisubiri, na kila ubeti ulipoisha nilidhani watagonga. Tukavuka kamba. Tukalipindua benchi la stempu. Skrubu tano zilitoka kwa kusumbua. Ya sita, ya kwenye kona, ilikuwa imeota kutu, ikakataa. Bisibisi ikateleza, ikanichana kidole. Nje wakaanza ubeti wa mwisho, nao nilijua ni wa mwisho kwa jinsi walivyouvuta.

Bwana Hakai alisimama, akaenda mlangoni, akarudi, akaenda tena. Nikamwambia kwa sauti ya chini, "Kaka, ukienda mara moja zaidi nitakufunga kwa hii kamba yao." Nikauwasha mshumaa kwa kiberiti, nikaidondoshea skrubu nta, nikasubiri, nikaisukuma kwanza kulia, kisha kushoto. Ikalia kama paka. Ikatoka.

Ubao wa mistari uliingia. Alipokwisha kukaza skrubu ya mwisho alilala chini ya benchi mara nyingine, sijui kuhakikisha nini, nikamvuta mguu. Tulipofungua mlango mahujaji waliingia wakiimba, na yule aliyetangulia akanyoosha mkono juu ya kamba akagusa ubao, akabusu vidole vyake. Nilitoka na ule mwingine ndani ya shuka. Hakuna aliyenipa pole safari hii.

Siku ya Jubilei nilikwenda, nikasimama nyuma kabisa karibu na mlango. Nilijiambia nimekuja kuangalia kama yapo mabati ya zamani. Bibi wa Ndani aliletwa ameshikwa na binti yake, kijibibi kidogo chenye shingo ndefu, kinapiga hatua kama kinachohesabu vigae. Walilegeza kamba. Mgeni rasmi akasimama, watu wakasimama, naye akaketi. Mwanawe alikuwa ukutani na ufagio, na hata nilikokuwa niliona jinsi alivyokuwa akihama mguu kwa mguu.

Mkono wa bibi ukashuka ubavuni, ukapita chini ya ubao. Ukakaa huko. Mtangazaji akamsogezea kipaza sauti, akamwomba aliambie taifa siku ile aliingia kanisani na moyo gani. Vidole vya bibi vilikuwa kazini. Mtangazaji akarudia. Nilimwona Bwana Hakai anaacha ukuta hatua moja.

"Niliingia kuchukua ndoo," bibi akasema, na kanisa zima likasikia. "Ndoo sikuipata mpaka leo."

Kicheko kikatoka mbele kikafika nyuma, mgeni rasmi mwenyewe akacheka, watu wakapiga makofi, na sherehe ikaendelea.

Yaliyofuata Bwana Hakai alinieleza yeye mwenyewe. Baada ya misa, watu wakigombea picha, mama yake alimvuta sikio kama mtoto na, kwa mara ya kwanza maishani mwake, akanong'ona. Akamwuliza: "Ubao ni wangu. Miguu ni ya nani?" Alikuwa amepapasa chini zaidi kuliko tulivyofikiri, mguu wa benchi aliokuwa akiuegemezea kichwa siku zile ulikuwa na fundo la mti, na huu haukuwa nalo. Basi akamweleza yote, kushoto, kulia, lori, kilabu, wakili. Bibi akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akamwambia, "Mimi sikuwa nikitazama miguu, mwanangu. Siku kumi na moja nilitazama ubao. Hebu kaa, unanitia kizunguzungu."

Nilimwona nilipokuwa natoka. Alikuwa kwenye ngazi ya chini, amekaa, magoti pamoja, sahani mapajani, anakula polepole kama mtu anayejifunza. Wauza mishumaa walikuwa wakimnyooshea vidole. Muda si mrefu jina lake lilikufa, na la pili hawajalipata. Sasa humwita mfagiaji tu, na kazi yake hufika saa sita ikaisha, jambo ambalo padri mpya hakulipenda. Anadhani bidii imepungua.

Mimi nilipoteza karibu wiki tatu za biashara na mauzo ambayo kwa kweli hayakuwahi kuwepo. Nilipata mlango wa bawaba za shaba, ambao ulikwenda ndani ya siku nne. Na nilipata ubao ulioguswa na nchi nzima kwa miaka kumi na minne. Niliwahi kufikiria kuuuza. Lakini ili niuuze lazima niseme ulitoka wapi, na nikisema, bibi yule anaitwa mwongo baada ya yote. Bila hadithi yake ni ubao tu, na bei ya ubao naijua.

Nimeufunga kwenye benchi moja kati ya yale sita, nikaliweka mbele ya meza yangu. Wateja hulipenda. Hukaa, hupitisha mkono bila kujua kwa nini, hutulia, na mteja aliyetulia habishani sana. Mpaka sasa limekwisha kunilipa.

Jumamosi moja moja yule mfagiaji huja kunisalimu. Hufagia yadi, kutoka nyuma kwenda langoni, hata nikimkataza. Halafu hukaa hapo kwenye benchi, na inanibidi nimwambie aondoke, kuna wateja wanasubiri.